Kwa Baba Salma: Bado Nafundisha Yasiyoandikwa

Baba Salma wangu,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipolala, na Mola akupanulie. Mimi mzima, Salma mzima na watoto wake. Nakuandikia nikiwa na hasira, na wewe wajua kwamba hasira zangu hutulia nikipata mtu wa kubishana naye. Humu nyumbani hakuna tena. Basi naileta kwako, na nitaiacha barua hii wazi aisome anayetaka, kwa sababu jana jina lako lilitajwa mbele ya watu ili mimi nifungwe mdomo.

Mwalimu mkuu mpya alituita walimu wote. Akasema kuanzia muhula huu darasa la saba na la nane watasoma karatasi za mitihani iliyopita, basi. Akasema kuna mwalimu mmoja anayepoteza wakati wa watoto kwa vihadithi vya ubaoni visivyo na majibu. Wenzangu wote wakatazama meza. Kisha akanigeukia kwa upole akasema, "Hata marehemu mwalimu, Mungu amrehemu, hakuyakubali mambo haya. Nimeambiwa."

Ni mgeni, hakujua amegusa nini. Nilimjibu, na nitakueleza nilivyomjibu. Lakini kwanza nataka tuyaweke mambo yetu, mimi na wewe, kama yalivyokuwa, maana naona watu wameshaanza kutuwekea wao.

Wakumbuka tulivyokuwa tukitoka Kibokoni asubuhi, wewe mbele kidogo na mkoba wako wa ngozi, mimi nyuma nikiinua buibui nisiliburure kwenye maji ya mfereji. Hadi langoni ulikuwa Baba Salma. Ukilivuka lango ulikuwa Mwalimu, naibu wa mwalimu mkuu, bwana wa darasa la nane, na mimi nilikuwa Bi Nuru wa darasa la saba. Hata chaki hukuniomba bila ya kusema "tafadhali, Bi Nuru". Walimu walitucheka. Mimi nilipenda, kwa sababu ilikuwa kama nimeolewa na wanaume wawili, na wote wawili ni watu wa heshima.

Na ulikuwa mwalimu hodari. Sitaficha hilo ili hoja yangu ionekane kubwa. Kuna watoto wa Bondeni ambao leo wana kazi zao na majina yao kwa sababu uliwashika sikio ukawakalisha. Ufahamu uliufundisha kama mtu anayefundisha kufungua kufuli: soma swali kwanza, litafute neno la swali ndani ya kifungu, piga mstari, hamisha. "Jibu limo humo humo," ulikuwa ukiwaambia, "halitoki nje." Na mitihani ikija, watoto wako walipita.

Mimi walikuwa wakinifikia mwaka mmoja kabla ya kufika kwako, njia hiyo wameshaizoea tangu madarasa ya chini. Na mimi ndiye niliyeona kilichokuwa kikipotea.

Siku moja niliandika ubaoni kifungu changu mwenyewe, kifupi. Mwanamke mzee alipika wali, akapakua sahani mbili. Akakaa kizingitini mpaka wali ukapoa. Kisha akala kidogo kwenye sahani moja, ile nyingine akaifunika, akaiweka kabatini. Nikauliza: mwanamke huyu alikuwa na hali gani moyoni? Darasa zima likarudi ubaoni kulitafuta neno "moyo". Halikuwamo. Mtoto mmoja mwepesi, ambaye wewe ulikuwa ukimngojea kwa hamu apande darasa la nane, akasimama akasema, "Mwalimu, haikuandikwa." Akakaa, ameridhika kabisa.

Kule kuridhika kwake ndiko kulikonitisha. Watoto wale wale, wakirudi nyumbani wakamkuta mama amejifunga leso kichwani na redio imezimwa, hujua kupita kwa kunyata. Hawaambiwi na mtu. Wakipita dukani wakaona muuzaji anawajibu watu kwa neno moja moja, hujua si siku ya kukopa. Akili hiyo wanayo, wamepewa na Mungu na mitaa yao. Lakini wakishika kitabu huivua pamoja na viatu, wakaiacha mlangoni.

Nikaanza kuwafundisha waingie nayo. Kila kifungu nikawauliza mambo matatu: hapa pameandikwa nini, wewe wajua nini, na ukiviweka pamoja wapata nini. Halikuwa somo la kubahatisha, ingawa watu wamekuwa wakinisingizia hivyo. Siku ile ile ya wali kuna aliyesema mgeni wa yule mwanamke amekufa kwa ajali. Nikamuuliza ni neno gani la ubaoni lililomwambia. Akatafuta, hakuona. Nikamwambia hilo umelitia wewe, basi litoe. Ndipo msichana wa nyuma asiyependa kusema, jina lake Saumu, akainua mkono.

"Yuwamngoja mtu, mwalimu," akasema. "Sahani ni mbili. Na si leo peke yake. Hakulia, hakutoka kwenda kuuliza. Ameifunika tu, kama aliyezoea."

Mimi niliyekiandika kifungu sikuwa nimeliona hilo la kuzoea. Nilirudi nyumbani nikakusimulia tukinywa chai. Ulicheka, ukasema mtihani hauulizi hayo. Nikakwambia mtihani ni wa asubuhi chache, na mtu husoma umri wake wote. Ukanijibu kwamba maneno hayo ni mazuri sana, niyapeleke wakayachape kwenye leso. Nilicheka na mimi. Hatukuwa tumegombana bado.

Kisha yakaja mambo ya Bwana Mwakombo, baba yake Saumu.

Alikuwa mtu wa Kwale aliyehamia Bondeni na familia yake, karani wa kuhesabu magunia katika ghala moja la bandarini. Ilikuwa ile miaka ambayo watu walikuwa wakipunguzwa kazi, leo huyu, kesho yule, na hakuna aliyependa kuulizwa. Mimi sikujua lolote kuhusu nyumba yake. Niliwapa watoto kazi ya nyumbani: kila mmoja alete jambo alilolijua bila ya kuambiwa, na aseme dalili zilizomjulisha. Mmoja alileta paka wao mwenye mimba. Mwingine alileta jirani aliyekuwa akijiandaa kusafiri. Saumu akasimama akasema habari za shati la baba yake.

Alieleza taratibu kama nilivyomfundisha. Baba hutoka kila asubuhi na shati jeupe, kama siku zote. Zamani shati hilo lilikuwa likirudi na vumbi la ngano kwenye kola na mama hulazimika kuliroweka. Siku hizi linarudi safi, isipokuwa jasho mgongoni. Zamani akila chakula cha jioni alikuwa akisimulia habari za meli. Siku hizi husimulia mashua zinazotengenezwa Liwatoni, ubao upi umebadilishwa, fundi gani amegombana na nani. Na hula kama mtu ambaye hakula mchana.

"Nikajua baba hana kazi tena," akamaliza. "Huenda Liwatoni akakaa hadi saa ya kurudi. Ndiyo maana sijamwambia viatu vimenibana."

Nilimwambia ahsante, akae, nikamwita mwingine kwa sauti ile ile ili asijione amefanya ajabu. Lakini darasa lilikuwa na masikio, na kabla ya magharibi habari ilikuwa imefika Bondeni.

Kesho yake Bwana Mwakombo alikuwa ofisini, amevaa shati lile lile. Tulikuwa wanne: yeye, mwalimu mkuu wa wakati ule, wewe na mimi. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini kwamba alimleta mtoto shule asome vitabu, na mwalimu amemfundisha kupekua nyumba ya baba yake. Mwalimu mkuu akakutazama wewe. Na wewe, Baba Salma, bila ya kunigeukia, ulisema, "Bi Nuru ataacha masomo hayo kuanzia leo."

Nikasema, "Sitaacha."

Mke amemkatalia mumewe mbele ya mgeni, mwalimu amemkatalia naibu mbele ya mkubwa wake. Nikamgeukia Bwana Mwakombo, nikamwambia mtoto hakupekua kitu, anaishi mle ndani na ana macho. Nikamwambia aliyempa kazi ile ni mimi, kama kuna neno lije kwangu, asimguse Saumu. Alinyanyuka akatoka bila ya kuaga.

Siku ile ulitembea mbele yangu mbali, na mitaa yote ya Mji wa Kale iliona. Nyumbani ulikaa kitini na kofia yako kichwani, jambo ambalo hukuwa ukilifanya. Ulisema mengi, lakini neno nililobaki nalo ni hili: "Watoto wa watu na nyumba zao si vifungu vya kusomwa." Nikakwambia nyumba zinasomwa kila siku, na watoto ndio wanaosoma kuliko sote. Tofauti ni kwamba tumewazoesha kuona wanachokijua kama si elimu. Ukaniuliza kama heshima ya mtu mzima si kitu kwangu. Nikakuuliza kama mtoto anayebanwa na viatu akanyamaza si heshima hiyo. Salma alikuja kutuuliza kama tumekwisha, apakue.

Wiki ile ratiba ilibadilishwa. Ufahamu wa darasa la saba ukapewa mtu mwingine, mimi nikapewa kazi za mikono na michezo. Sahihi chini ya ratiba ilikuwa yako. Nilisuka vikapu na watoto mpaka vidole vikaota sugu. Na Jumamosi baada ya alasiri, kwenye baraza ya nyumba yetu, nikaweka ubao mdogo.

Walikuja wachache, kisha wengi. Ulikuwa ndani ukisahihisha mitihani yako, dirisha wazi, na kila neno lilikufikia. Ungeweza kuwafukuza. Baraza ilikuwa yako na nyumba ya baba yako. Kuna jirani aliyekuuliza msikitini vipi mkeo anafanya nje alichokatazwa ndani. Uliniletea maneno hayo kama yalivyo, ukayaweka mbele yangu, ukangoja. Nikakwambia Jumamosi nitahitaji mkeka wa pili. Siku ilipofika mkeka ulikuwa umeshatandikwa barazani, na wewe umeshaingia ndani na mitihani yako.

Saumu hakuwa miongoni mwao, alikatazwa. Hata shuleni alinipita ameinamisha kichwa. Hilo liliniuma, sikufichi, lakini halikunitia majuto. Sikuona kwamba dawa ya kinachouma ni kumfanya mtoto arudi kuwa kipofu.

Mpaka Jumamosi moja Bwana Mwakombo akatokea mwanzo wa uchochoro na binti yake nyuma. Alikupigia hodi wewe, kama inavyotakiwa, na wewe ukamkaribisha ndani. Nilisikia kupitia dirisha, kama wewe ulivyokuwa ukinisikia. Alikwambia kwamba siku ile alipotoka ofisini alirudi kwake na hasira za kuvunja kitu, akamkuta mkewe ameketi jikoni. Mkewe akamwambia anajua, tangu mwanzo anajua. Mtoto mkubwa naye alijua. Wote walikuwa wakijua, na kila mmoja akimfichia mwenzake, na yeye akitoka kila asubuhi kwenda kuzitazama mashua za watu. Akasema sasa mkewe anapika viazi karai na yeye ndiye anayesimama kwenye karai, hapo nje kwao, na watu wanakuja.

Ulitoka ukanitazama. Ulisema, "Bwana Mwakombo amemleta mtoto," ukarudi ndani. Mume wangu, ulikuwa bahili wa maneno wakati mwingine.

Yeye mwenyewe alisimama mbele yangu kabla ya kuondoka. Usidhani alikuja kunishukuru. Alisema bado anaona halikuwa jambo la kusemwa mbele ya darasa. "Mfundishe, mwalimu," akasema. "Lakini mfundishe na kunyamaza."

Nikamwambia, "Hilo ameshafundishwa nyumbani, na amelijua vizuri. Kwangu atasoma."

Nilidhani atamshika mkono aondoke naye. Alimwambia Saumu avue viatu akae mkekani. Vilikuwa vipya.

Sasa nifike kwako. Najua hupendi, lakini barua ni yangu.

Miaka ilipita, mwalimu mkuu yule akahamishwa, ufahamu ukarudi mikononi mwangu bila ya mtu kusema neno. Na wewe ukaanza kusimama katikati ya ngazi zetu, ukijifanya waukagua ufa wa ukuta. Ulisema una mikutano Kizingo kila Jumanne, na ukirudi ulinukia spiriti, na mkono mmoja wa kanzu ulikuwa hukunji hata ukitawadha. Mkanda wako wa suruali uliutoboa tundu jipya kwa msumari. Ukaanza kunieleza, sijakuuliza, paa linavuja wapi na ni fundi gani wa kumwita. Mtu ambaye miaka yote alikuwa akisema paa ni kazi yake.

Nikakuuliza Ijumaa moja baada ya chakula, umekwenda hospitali mara ngapi. Ukaweka glasi chini.

"Nani amekwambia?"

"Hakuna aliyeniambia."

Ulivua miwani, ukaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu. Kisha ukasema ulitaka nipate muda wa kuishi bila ya wasiwasi. Nikakwambia muda nitaupata sasa, kwa kuwa najua. Ulikasirika. Siku mbili hukuwa ukinitazama usoni. Halafu ukanitaka nikushike mkono kwenye ngazi, na tangu siku hiyo hatukuwa na ufa wa kuukagua.

Ile miezi iliyobaki, Baba Salma, ni yangu kwa sababu niliisoma. Kama ningengoja niambiwe, ningeambiwa na daktari koridoni. Tulikaa. Tulizungumza habari za mama yako, tulicheka, ulinisikilizisha dua ambazo ulidhani sizijui. Watoto wa Jumamosi nilitaka kuwaambia wasije, ukakataa, ukasema nyumba yenye mgonjwa haitakiwi kuwa kimya. Ukaomba dirisha liachwe wazi. Siku moja mtoto mmoja alitoa jibu la kurukia, na kabla sijamsahihisha nikasikia sauti yako kutoka kitandani, imekonda lakini ni ya Mwalimu yule yule: "Muulize ameliona wapi."

Hukuniambia kwamba nilikuwa na haki. Mpaka mwisho hukuniambia, na mimi sikukuomba. Ndiyo maana siwezi kumwachia mtu mwingine aseme wewe ulikubali nini na ulikataa nini.

Basi huyu mwalimu mkuu mpya nilimjibu hivi, mbele ya wote, na kwa adabu. Nilisimama kwanza. Nikamwambia, "Marehemu alinikataza kwa kinywa chake, nikamkatalia kwa kinywa changu, tukarudi nyumba moja. Ukitaka kunikataza, nikataze kwa jina lako." Akasema itabidi alipeleke suala hili kwenye kamati, na kwamba kuna shule za mbali zinazohitaji walimu. Nikamwambia huko nako kuna watoto, na najua wanajifunza kusoma.

Leo asubuhi niliingia darasa la saba kama kawaida. Karatasi za mitihani nimewafundisha, usiwe na wasiwasi, nusu ya somo, kwa njia yako ile ile ya kufungua kufuli, maana ni njia nzuri kwa makufuli. Nusu ya pili nikaandika kifungu changu ubaoni. Mwalimu mkuu alipita nje ya darasa akachungulia, nami sikusita wala sikufuta. Kama barua ya uhamisho inakuja, ije. Mpaka ifike darasa ni langu.

Na Saumu ulikuwa ukimuulizia. Hakuwa mwalimu wala daktari, kama watu wanavyopenda hadithi ziishe. Yuko dukani kwa muuza dawa, Bondeni. Nilipita kwake juzi kununua dawa ya kichwa. Aliiweka mezani, lakini hakunipa. Aliniuliza kwanza nimekula saa ngapi.

Nilikuwa sijala. Tangu uondoke huwa nasahau. Alifunga duka kwa kitambo, akanipeleka kwao, na mzee Mwakombo akanipakulia kutoka kwenye karai bila ya kuniuliza kitu.

Sasa adhana ya alasiri inatolewa, nimalize. Lala kwa amani, mume wangu. Nimekukasirikia na nimekukumbuka, na yote mawili yananisimamisha asubuhi. Siku nitakapokuja huko ulipo, usinipokee kwa kuniambia ulinikataza. Nipishe nikae karibu yako, nipumue, kisha tubishane vizuri.

Ni mimi mkeo, ambaye hajaacha,

Mama Salma